Lango Limkague Mgeni, Limkague na Mwenyeji

Leo tunaingia kwenye jambo ambalo mafundi wa TEHAMA hulizungumza wao kwa wao, lakini likiharibika, hasara yake tunagawana sote.

Nataka tuzungumzie lango la mtandao, lile ambalo mfanyakazi aliye mbali hulipitia ili afike kwenye seva za ofisi yake. Tutajiuliza maswali matatu tu, na naomba uyashike, maana nitayarudia. La kwanza: nani anaingia? La pili: akishaingia, anapelekwa kwa nani? La tatu: nani anatuthibitishia hayo, na je, uthibitisho huo bado uko hai?

Swali la kwanza tumelizoea. Kila siku tunaambiwa tusigawe nywila, tuweke nywila ndefu, tusubiri namba ya siri kwenye simu. Swali la pili na la tatu ndiyo yanayosahaulika, na huko ndiko tutakakokaa zaidi leo.

Haya, tuanze na mfano. Chukulia kuna mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, yuko tawi la Makambako. Hesabu za wanachama, nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa kiasi gani, zimo kwenye seva iliyoko makao makuu, tuseme Dodoma. Asubuhi mhasibu anafungua kompyuta mpakato yake, anaandika anwani ya lango, anaweka jina na nywila, simu inamletea namba ya siri, anaiingiza. Sekunde chache tu, orodha ya mikopo iko mbele yake. Anaanza kazi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ndani ya sekunde hizo chache kuna safari mbili, wala si moja. Safari ya kwanza inatoka kwenye kompyuta ya mhasibu hadi langoni. Hiyo inapita kwenye intaneti, na mhasibu anaiona: kivinjari chake kinamwambia mawasiliano ni salama. Safari ya pili inatoka langoni hadi kwenye seva. Hiyo mhasibu haioni kabisa. Lango linaupokea ujumbe wake, linaufungua, linaamua unakwenda kwenye seva ipi, kisha linaanzisha mawasiliano mapya na seva hiyo kwa niaba yake. Alama ya usalama iliyo kwenye kivinjari inahusu safari ya kwanza tu. Juu ya safari ya pili haisemi neno.

Fikiria geti la kampuni kubwa. Mlinzi yuko makini kwelikweli. Mgeni akija anaombwa kitambulisho, jina linaandikwa daftarini, mkoba unapekuliwa, simu inapigwa ndani kuulizia kama anatarajiwa. Safi sana. Halafu, baada ya ukaguzi wote huo, anatokea mtu ndani ya uzio, kavaa koti la kazi, anasema, "Mimi ndiye wa uhasibu. Huyo ni mgeni wangu, na hizo bahasha nipe mimi." Mlinzi anamkabidhi mgeni pamoja na bahasha zake, haulizi lolote. Kwa nini? Kwa sababu mtu yule ametokea ndani, na aliye ndani ni wetu.

Wasikilizaji, malango mengi ya mtandao yanafanya kazi hivyo hivyo. Mgeni anakaguliwa mpaka anachoka. Mwenyeji anayempokea hakaguliwi na mtu.

Je, kuna ushahidi kwamba jambo hili lina madhara, au ni hofu za mafundi tu? Twendeni Marekani, mwaka 2013. Mnamkumbuka Edward Snowden, yule aliyewapa waandishi wa habari nyaraka za siri za shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA? Tarehe 30 Oktoba mwaka huo, gazeti la Washington Post liliandika habari ya mpango ulioitwa MUSCULAR, uliokuwa ukiendeshwa na NSA pamoja na wenzao wa Uingereza, GCHQ. Habari hiyo iliambatana na mchoro mdogo wa mkono. Upande mmoja wa mchoro kuna wingu: ni intaneti ya watu wote. Upande wa pili kuna wingu jingine: ni mtandao wa ndani wa Google. Katikati kuna kisanduku: ni seva za mbele za Google, yaani lango lenyewe. Mshale umeelekezwa kwenye kisanduku hicho, na maelezo yake yanasema kwamba hapo ndipo usimbaji unapowekwa na kuondolewa. Mwisho wa maelezo, mchoraji akaweka kikatuni cha uso unaocheka.

Alikuwa anacheka nini? Alikuwa ameona kwamba kutoka kwa mtumiaji hadi langoni, ujumbe umesimbwa: umegeuzwa kuwa vurugu isiyosomeka kwa asiye na ufunguo. Lakini ukishapita lango, ukiwa unasafiri kati ya kituo kimoja cha data cha Google na kingine, ulikuwa ukisomeka. Basi kwa nini mtu ahangaike kuvunja mlango wa mbele? Mashirika hayo mawili yalitega sikio kwenye nyaya za ndani.

Google hawakuwa wanagenzi wa usalama. Walikuwa na wataalamu waliobobea. Walichokiamini ni kwamba nyaya za ndani ni za ndani. Nyaraka za Snowden zilipoanza kutoka, kasi ya kusimba mawasiliano ya nyaya hizo ikaongezeka, na Machi 2014 Google wakatangaza kwamba kila ujumbe wa Gmail unasimbwa hata unapohama kati ya vituo vyao vya data. Yahoo nao walikuwa wameahidi vivyo hivyo Novemba 2013.

Najua kuna msikilizaji anasema, "Sisi chama chetu kidogo, NSA watafuata nini kwetu?" Swali zuri. Huenda wasifuate kitu. Lakini hebu tazama mtandao wa ofisi yako. Kompyuta ya mapokezi iliyoingizwa flashi iliyotoka steshenari, iko humo. Kamera za ulinzi ambazo nywila yake haijabadilishwa tangu zitoke dukani, zimo. Wageni wanaopewa Wi-Fi wakisubiri kikao, wamo. Aliyeacha kazi mwaka jana na jina lake halijafutwa, bado anaweza kuwemo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mtandao wa ofisi una nguo nyingi.

Tena jambo hili ni la zamani. Mwaka 1995 huko Finland, kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, mtu aliweka programu ya kunasa nywila zilizokuwa zikipita ndani ya mtandao wa chuo. Mtafiti mmoja wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akatengeneza njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Njia hiyo ndiyo SSH, ambayo hadi leo mafundi wanaitumia kila siku. Kwa hiyo angalia: chombo kinachotumika kuingia kwa mbali kila pembe ya dunia kilizaliwa kwa sababu ya mwizi aliyekuwa ndani.

Sasa tusogee mbele. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kusimba na kuthibitisha. Kusimba ni kuhakikisha kwamba mtu wa kando hasomi. Kuthibitisha ni kuhakikisha kwamba yule unayewasiliana naye ndiye. Je, la kwanza linatosha bila la pili? Halitoshi. Kompyuta iliyoambukizwa ndani ya mtandao inaweza kujitangaza, "Mimi ndiyo seva ya uhasibu," ikapokea mawasiliano ya lango, ikasoma kila kitu, kisha ikayapeleka kwa seva ya kweli bila mtu kushtuka. Na mawasiliano hayo yote yatakuwa yamesimbwa vizuri kabisa! Wasikilizaji, kusimba bila kuthibitisha ni kumlindia mwizi faragha yake.

Uthibitisho unapatikana wapi? Kwenye cheti cha kidijitali. Cheti ni faili dogo lenye mambo manne makubwa: jina la seva, ufunguo wa wazi wa seva hiyo, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na saini ya kidijitali ya aliyekitoa. Lango linapokutana na seva linatakiwa lijiulize: jina hili ndilo nililoliita? Tarehe hazijapita? Aliyesaini ni miongoni mwa wale nilioambiwa niwaamini? Na seva imeonyesha kwamba inao ufunguo wa siri unaolingana na cheti hiki? Majibu yakiwa ndiyo, mawasiliano yaendelee. Jibu moja likiwa hapana, yakatwe pale pale. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na hali halisi ikoje? Hebu tumsogelee fundi. Ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Lango jipya limefungwa, na meneja anataka Jumatatu matawi yote yaingie. Fundi anaunganisha lango na seva ya uhasibu. Lango linakataa. Ujumbe mwekundu: cheti hakiaminiki. Anaangalia, anakuta seva ilijitengenezea cheti yenyewe siku ilipowashwa na ikajisaini yenyewe, kwa hiyo lango halina pa kukijulia. Zaidi ya hapo, yeye ameita seva kwa namba yake ya mtandao, wakati kwenye cheti kuna jina. Anakuna kichwa. Chini ya ukurasa wa mipangilio anaona kisanduku kidogo: puuza hitilafu za cheti. Anaweka tiki. Lango linafunguka. Anajiambia, "Jumatatu nitaliweka sawa." Jumatatu inakuja na mambo yake, printa ya masijala imegoma, barua pepe ya mkurugenzi haifunguki. Ile tiki inabaki pale mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Wala tusimtwishe fundi lawama zote. Programu zenyewe zinamlainishia njia. Chukua nginx, programu inayotumika sana duniani kukaa mbele ya seva nyingine na kuwapokea wageni. Ukiiagiza ipeleke mawasiliano kwa seva ya nyuma kwa njia iliyosimbwa, itasimba. Lakini kukagua cheti cha seva hiyo ya nyuma ni jambo ambalo kwa kawaida huja likiwa limezimwa. Mpaka fundi aliwashe mwenyewe, tena ataje watoaji anaowaamini. Apache Guacamole nayo, lango maarufu la bure la kuingilia kompyuta kwa kutumia kivinjari, ina kipengele cha kupuuza cheti cha kompyuta ya Windows unayoifikia. Kukiweka ni sekunde moja. Na SSH tuliyoitaja, mara ya kwanza unapoifikia seva inakuuliza: siijui seva hii, alama yake ni hii, niendelee? Jamani mafundi, tuambizane ukweli, ni wangapi kati yetu huilinganisha ile alama kabla ya kuandika ndiyo?

Halafu kuna jambo jingine, hili tunalijua sana sisi tuliozoea umeme kukatika. Seva ya zamani inayobeba lango, ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, umeme ukikatika kisha ukarudi, inaweza kuamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Mashine yenye saa ya uongo ikipewa cheti kizuri kabisa itakikataa, ikisema muda wake haujaanza. Matawi yanakwama, simu zinalia, fundi anabanwa. Dawa ni betri mpya ya bei ndogo na kuweka saa ijirekebishe kwa mtandao. Lakini kwenye haraka hiyo, dawa inayochaguliwa ni ipi? Ile tiki.

Tukumbushane kabla hatujaendelea. Swali la kwanza: nani anaingia? Swali la pili: anapelekwa kwa nani? Hilo tumelipekua. Sasa twende la tatu: nani anatuthibitishia, na uthibitisho wake bado uko hai?

Hapa napenda tumtazame mtoaji wa vyeti mwenyewe. Kulikuwa na kampuni Uholanzi, ikiitwa DigiNotar. Kazi yake ilikuwa kutoa vyeti vya kidijitali, na vivinjari vyote vikubwa viliiamini. Hata huduma za serikali ya Uholanzi zilitegemea vyeti vyake. Katikati ya mwaka 2011 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni hiyo na kujitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500. Kimojawapo, cha tarehe 10 Julai, kilikuwa kwa jina la Google. Cheti hicho kikatumika dhidi ya watu nchini Iran: mtu anadhani anasoma barua zake za Gmail kwa usalama, kumbe kuna aliyekaa katikati. Wachunguzi walikadiria kwamba anwani za mtandao kama 300,000 ziliguswa, karibu zote za Iran.

Je, iligunduliwaje? Mtumiaji mmoja wa Iran aliona kivinjari chake cha Chrome kikimpa onyo. Vivinjari vingine vilikuwa vinakubali, kwa sababu cheti kilikuwa na saini halali ya DigiNotar. Chrome kilikataa kwa sababu Google walikuwa wamekiagiza: kwa anwani zetu, usikubali mtoaji yeyote tu, kubali hawa tuliowataja. Orodha fupi ndiyo iliyomnasa mwizi. Vivinjari vikaifuta DigiNotar, na Septemba 2011, miezi miwili tu tangu cheti kile, kampuni ikatangazwa kufilisika.

Tunajifunza nini kwa ajili ya lango letu? Lango likitoka dukani mara nyingi huwa limepakiwa orodha ndefu ya watoaji vyeti wa dunia nzima. Kwa seva zako za ndani, unawahitaji wa nini wote hao? Kama seva zako tano zina vyeti vilivyotolewa na mtoaji mmoja, lango limwamini huyo mmoja kwa safari ile ya pili. Wengine wote hawahusiki na shughuli zako za ndani.

Na hapo kwenye swali la tatu kuna kipande cha pili: uthibitisho bado uko hai? Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Wezi waliingia kupitia kasoro ya programu ambayo masasisho yake yalikuwa yameshatolewa. Lakini walikaaje ndani tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai bila kuonekana? Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyosimbwa. Cheti cha kifaa hicho kilikuwa kimeisha muda miezi mingi kabla, na hakuna aliyekifanya upya. Kifaa kilikuwa kimewashwa, taa zinawaka, ila hakikagui kitu. Tarehe 29 Julai walipoweka cheti kipya, siku hiyo hiyo wakaanza kuona mawasiliano ya kutiliwa shaka. Siku hiyo hiyo, msikilizaji!

Kwa hiyo tarehe ya kuisha kwa cheti ifuatiliwe kama siku ya mshahara. Na mambo yanazidi kubana. Vyeti vinavyoaminiwa na vivinjari vinapunguziwa umri: kuanzia Machi 2026 ukomo ni siku 200, na ifikapo Machi 2029 utakuwa siku 47. Kwa umri huo, anayetegemea kumbukumbu ya kichwa chake ataumbuka. Kazi hiyo ipewe programu yenyewe. Let's Encrypt, shirika lililofungua milango kwa umma Desemba 2015, linatoa vyeti bure, na kazi yote ya kuomba na kuhuisha inafanywa na programu.

Je, tumelisahau swali la kwanza? Hapana. Kukagua upande wa ndani hakuondoi kukagua upande wa nje. Februari 2024, kampuni ya Change Healthcare ya Marekani, inayoshughulikia malipo ya hospitali na maduka ya dawa, iliingiliwa kupitia lango la Citrix la kuingilia kwa mbali. Mkuu wa kampuni mama wakati huo, Andrew Witty, aliliambia Bunge la Marekani kwamba wezi walitumia nywila iliyoibiwa, na kwamba lango hilo halikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Siku tisa baadaye mifumo ikafungwa na wezi wakadai fidia. Kampuni ikalipa dola milioni 22, na maduka ya dawa kote nchini humo yakahangaika kuwahudumia wagonjwa. Yote hayo kwa sababu mlango mmoja haukudai uthibitisho wa hatua ya pili.

Basi tufanye nini? Nianze na ninyi mafundi, kaka zangu na dada zangu.

Moja, andika orodha ya kila seva ambayo lango lako linaifikia, na uiite kwa jina, usiiite kwa namba. Cheti kina jina. Ukiita kwa namba, mara nyingi ukaguzi utagoma na utashawishika kuuzima.

Mbili, vyeti vilivyojisaini vyenyewe viondolewe. Ofisi inaweza kuwa na mtoaji wake wa ndani. Ufunguo mkuu wa mtoaji huyo utunzwe kwenye kifaa kisichounganishwa na mtandao, ufungiwe kabatini, na cheti chake cha mzizi kiwekwe kwenye lango ili litambue kila seva iliyosainiwa naye.

Tatu, seva itume mnyororo mzima wa vyeti, pamoja na cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti cha seva na cha mtoaji mkuu. Hitilafu nyingi za "kwenye kivinjari inafunguka, kwenye lango inakataa" zinatoka hapa: kivinjari kimeshakihifadhi cheti cha kati au kinajua kukitafuta, lango halikijui. Hitilafu ya namna hiyo inatibiwa kwenye seva. Usiitibu kwa tiki.

Nne, seva nayo ilikague lango. Lango liwe na cheti chake, na seva ikatae mtu yeyote anayekuja moja kwa moja bila kupita langoni. Kuthibitishana kuwe kwa pande mbili. Na tafadhali, Remote Desktop, njia ya kuingia kwenye kompyuta za Windows kwa mbali, mlango namba 3389, isiachwe wazi kwa intaneti nzima wakati lango lipo.

Tano, lango lenyewe lisasishwe mara tu masasisho ya usalama yanapotoka. Oktoba 2023 kasoro moja ya malango ya Citrix, iliyopewa jina la CitrixBleed, iliwawezesha wezi kuchukua vibali vya watu ambao tayari walikuwa wameshaingia, hata wale waliotumia uthibitisho wa hatua mbili. Waliosasisha bila kufuta vibali vya zamani waliwaacha wezi ndani.

Sasa ninyi viongozi, mameneja na wajumbe wa bodi. Msione hili ni la chumba cha seva tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya mwaka 2019, na Uganda pia ya 2019. Zote zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na zikivuja, anayeulizwa ni taasisi. Kwa hiyo mpeni fundi muda. Lango lililofungwa Ijumaa jioni kwa kukimbizwa ni lango lenye tiki ndani yake. Likichelewa siku mbili ili seva zote zithibitishwe, hamjapoteza kitu.

Na wewe mtumiaji wa kawaida, mhasibu wa Makambako, muuguzi, mwalimu, karani. Kivinjari kikikuonya kwamba lango halitambuliki, usibonyeze "endelea hivyo hivyo." Piga simu kwa fundi. Huenda ni cheti kimeisha, huenda ni saa ya kompyuta yako, na huenda ni mtu amekaa katikati. Wewe hutajua ni lipi, na si kazi yako kukisia. Yule mtumiaji wa Iran aliyeona onyo na kulitolea taarifa ndiye aliyefichua jambo ambalo kampuni nzima ya usalama ilikuwa imeshindwa kulisema hadharani.

Wasikilizaji wangu, muda wetu unakwisha. Nirudie kwa mara ya mwisho ili usitoke mikono mitupu. Nani anaingia? Anapelekwa kwa nani? Nani anathibitisha, na uthibitisho huo bado uko hai? Lango lenye jibu la swali la kwanza peke yake halijafika hata nusu ya kazi.

Ombi langu kwako ni hili. Ukifika kazini, nenda kwa fundi wenu, umsalimie vizuri, kisha umwulize: "Lango letu linakagua vyeti vya seva za ndani, au kuna mahali tumeweka tiki ya kupuuza?" Akikujibu kwamba linakagua, mwombe akuonyeshe. Akisema tiki ipo, msigombane; mpangieni siku ya kuiondoa, iandikwe kwenye kalenda, na siku hiyo asipewe kazi nyingine yoyote.